Nasaba za Nyumba Zetu na Mti wa Kompyuta



Mwezi huu twapenda kusema juu ya jambo ambalo kila nyumba ya Kiislamu inalihitaji, na nyumba nyingi zimeliacha mpaka limekuwa kama mali iliyozikwa, asiyejua mtu mahali pake. Jambo lenyewe ni nasaba: kumjua mtu ni mwana wa nani, mama yake ni nani, ndugu zake wa baba na wa mama ni akina nani, na ni nani walionyonya pamoja naye.

Zamani ilimu hii ilikaa vifuani mwa wazee. Bibi mmoja katika mtaa aliweza kuhesabu jamaa nzima tangu babu mpaka mjukuu, kitukuu, kilembwe na kinying'inya, wala hakuhitaji kalamu. Lakini leo bibi yuko Mombasa, mwanawe yuko Muscat, mjukuu yuko London, na kitukuu hajui hata jina la mama wa bibi yake. Baada ya Mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964 jamaa nyingi za visiwani zilitawanyika bara, Oman na Ulaya. Na wengine wametawanywa na kazi na masomo. Mzee akifa, hufa na daftari lake, kwa kuwa daftari lenyewe lilikuwa kichwa chake.

Dini yetu haikutuachia jambo hili liende ovyo. Mtume Muhammad (s.a.w.) ametuamrisha tujifunze katika nasaba zetu kadiri ya kutuwezesha kuunga jamaa zetu. Tazama, ndugu msomaji, amri hii ina mpaka wake ndani yake: tujifunze ili tuunge, si ili tujivune. Na katika Sura ya 49, Al-Hujurat, Mwenyezi Mungu ametubainishia kuwa ametufanya mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mbora wetu mbele yake ni yule amchaye zaidi. Basi anayetafuta nasaba apate kumdharau jirani yake, huyo ameshika kisu kwenye makali.

Masahaba walikuwa na wajuzi wa ilimu hii. Sayyidna Abubakar (r.a.) alisifika kwa kuzijua nasaba za Makureshi. Na Sayyidna Umar (r.a.) alipoweka diwani ya kuwagawia watu haki zao, aliwaita wajuzi watatu wa nasaba, nao ni Aqil bin Abi Talib, Makhrama bin Naufal na Jubair bin Mut'im, wawaandike watu kwa ukaribu wao na Mtume (s.a.w.). Hakukubali jamaa yake mwenyewe itangulizwe. Kwa hiyo nasaba zilipoandikwa katika diwani hiyo ziliandikwa kwa ajili ya haki za watu, hazikuandikwa kwa fakhari.

Wanavyuoni waliokuja baadaye wakawa na njia mbili za kuandika nasaba. Njia ya kwanza huitwa mabsut, yaani maelezo yaliyotandazwa: fulani bin fulani bin fulani, mstari baada ya mstari. Ya pili huitwa mushajjar, yaani iliyofanywa kama mti, majina yameunganishwa kwa mistari, matawi yakatoka katika shina. Ya kwanza ni nyepesi kuandika na nzito kufahamu. Ya pili ni nyepesi kufahamu na nzito kuandika, kwani ukisahau mtoto mmoja wa kati, ukurasa wote huharibika ukaanza tena.

Hapo ndipo kompyuta ilipotusaidia. Ziko leo programu za bure ambazo mtu huziandikia majina kwa njia ya mabsut, nazo humchorea mushajjar kwa dakika moja. Ukimkumbuka mtoto uliyemsahau, wamtia mahali pake, na mti wote hujipanga upya wenyewe. Lakini kabla hatujasema juu ya chombo, na tuseme kwanza kwa nini twakitaka. Kwani asiyejua haja yake huchora mti mzuri wa kutundika ukutani usiomfaa siku ya shida.

Haja ya kwanza ni ndoa. Sura ya 4, An-Nisaa, aya ya 23, imewataja wanawake walio haramu kuolewa na mtu, na wamo humo mama aliyemnyonyesha na dada zake wa kunyonya. Katika madhehebu yetu ya Kishafii, mtoto akinyonya mara tano mbalimbali kabla ya kutimia miaka miwili, huyo amekuwa mwana wa mama yule, na mume wa mama yule aliyeleta maziwa hayo amekuwa baba yake wa kunyonya. Zamani majirani walinyonyeshana watoto, mmoja akiwa mgonjwa au amekwenda shamba, na mtaa mzima ulijua. Leo watoto wale wamekua, wamehama, na wajukuu wao hukutana chuoni katika mji wa mbali wakataka kuoana. Nani atawaambia?

Imepokewa katika Bukhari khabari ya Uqba bin al-Harith. Alikuwa Makka, akamwoa mke. Akaja mwanamke akasema kuwa amewanyonyesha wote wawili, Uqba na mkewe. Uqba hakuwa na khabari hiyo kabisa. Akapanda mnyama wake akasafiri mpaka Madina kumwuliza Mtume (s.a.w.), naye akaonyesha kwamba hapana njia ya kukaa naye baada ya neno hilo kwisha kusemwa. Wakaachana. Fikirini, enyi wazazi: nyumba ilivunjika kwa khabari iliyochelewa. Lau ingalijulikana kabla ya posa, yasingalikuwako machungu yale.

Haja ya pili ni mirathi, na hapa ndipo twaona makosa makubwa ya miti mingi. Miti ya zamani mara nyingi huandika wanaume tu: fulani bin fulani. Wanawake hawamo, au wameandikwa "mke" bila ya jina. Lakini sharia ya mirathi haiwezi kwenda bila ya kujua mama. Ndugu wa baba na mama ana hukumu yake, ndugu wa baba peke yake ana hukumu yake, na ndugu wa mama peke yake ana hukumu yake.

Natutoe mfano. Mtu amekufa, wazazi wake wote walikwisha kufa, naye ameacha mke mmoja, wana wawili wa kiume na binti mmoja, na nyumba. Baada ya kulipa deni na wasia, nyumba ile tuifanye mafungu 360. Mke apata thumni, yaani 45. Yaliyobaki 315 yagawanywa kwa watoto, mwanamume mara mbili ya mwanamke: kila mwana 126, na binti 63. Lakini jamaa hawakugawa, walisema, "Tungoje kwanza." Ikapita miaka, mwana mmoja akafa, hana mke wala mtoto, wala hapana bibi aliye hai. Mafungu yake 126 yaenda wapi?

Ikiwa mjane yule ndiye mama wa watoto wote watatu, basi yeye apata sudusi ya fungu la mwanawe, nayo ni 21, kwa kuwa marehemu ameacha ndugu wawili. Zinabaki 105: ndugu mwanamume 70 na dada 35. Hesabu ya mwisho ni mjane 66, mwana 196, binti 98.

Lakini ikiwa mwana aliyekufa alikuwa wa mke wa kwanza aliyeachwa zamani, naye mama yake huyo yu hai, basi zile 21 ni za mama yake, wala mjane hapati kitu kwa kijana yule, kwani mke wa baba si mama. Mjane abaki na 45 zake. Na ikiwa mama yule alikwisha kufa kabla ya mwanawe, mafungu yote 126 yaenda kwa ndugu zake wa baba: mwanamume 84 na mwanamke 42.

Basi mafungu 21 ya nyumba yategemea jina la mwanamke mmoja, na pengine mwanamke huyo yuko kijiji cha mbali hana khabari kwamba ana haki. Mti usioandika jina lake umeifukia haki yake. Na nyumba ngapi katika miji yetu ya pwani zimefungwa, zaanguka, kwa kuwa zimepita vifo vitatu vinne bila ya kugawanywa, na hapana ajuaye tena nani ni nani? Wataalamu wa mirathi huiita hali hiyo munasakha, na ufunguo wake wa kwanza ni kuwajua wafu kwa utaratibu: nani alikufa kabla ya nani.

Haja ya tatu ni kuunga jamaa, nayo ndiyo iliyotajwa katika ile amri ya Mtume (s.a.w.). Huwezi kumzuru shangazi usiyemjua, wala kumsaidia yatima wa ami yako ambaye hukusikia kuwa amezaliwa.

Sasa na tuje kwenye chombo. Vyombo ni vingi. Tutataja vichache ambavyo ni vya bure.

Cha kwanza chaitwa Family Echo. Hiki hufunguliwa katika mtandao, kwa simu au kwa kompyuta, hakihitaji kusakinisha kitu. Huanza kwa jina lako, kisha wabonyeza kuongeza baba, mama, ndugu, mume au mke, na mtoto. Kinakubali mtu mmoja kuwa na wenzi zaidi ya mmoja, na kila mtoto akaunganishwa na mama yake. Kina mahali pa kuandika maelezo ya kila mtu. Chafaa kwa anayeanza.

Cha pili ni Gramps, programu iliyoanzishwa mwaka 2001, ambayo huwekwa ndani ya kompyuta yako mwenyewe, na majina yakabaki nyumbani kwako. Ni nzito zaidi kujifunza, lakini ina mambo yatufaayo khasa sisi. Inaikubali kalenda ya Kiislamu, kwa hiyo mzee akikwambia kuwa alizaliwa Mfungo Sita, waweza kuiandika tarehe kwa Hijria. Inakubali kuandika "karibu ya mwaka fulani" au "kabla ya mwaka fulani", usilazimike kusema uongo kwa kutaja siku usiyoijua. Inakuruhusu kuandika namna ya uhusiano wa mtoto na mzazi kwa maneno yako, hata ukaandika "kunyonya". Na kila khabari yaweza kufungiwa mahali ilipotoka, na kiasi cha kuaminika kwake. Mwanafunzi wa madrasa hatashangaa kwa hilo. Ni jamaa ya isnadi aliyoizoea katika hadithi.

Vyombo hivi hupeana khabari kwa faili liitwalo GEDCOM, ambalo ni maandishi matupu. Ndani yake kila mtu ana kumbukumbu yake, na kila familia ina yake yenye mume, mke na watoto. Mume mwenye wake wawili huingia katika familia mbili. Ukiwa na faili hilo hufungwi na chombo kimoja: ukianza Family Echo waweza kuhamia Gramps. Liko pia jicho la kutazamia tu, laitwa Topola, ambalo hulisoma faili la GEDCOM lililo katika kompyuta yako na kukuchorea mti wake.

Yafaa vijana wajue na jambo hili. Utaratibu wa GEDCOM ulitungwa mwaka 1984 na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho la Marekani, na kanisa hilo ndilo lenye FamilySearch, hazina kubwa ya nasaba katika mtandao isiyotoza fedha. Wao hukusanya majina kwa imani yao, maana hufanya ibada za ubatizo kwa niaba ya wafu. Kulitumia faili la GEDCOM si kuingia katika imani ya mtu, kama ilivyo kuandika kwa kalamu aliyoitengeneza mwingine. Lakini kupeleka majina ya wazee wako katika mti wa pamoja ulio wazi kwa dunia nzima ni jambo jingine, na yapasa jamaa washauriane kwanza.

Sasa utaratibu wa kazi. Kwanza, anza na karatasi na mzee, usianze na mashine. Mwulize mzee wa kike kabla ya mzee wa kiume, kwani yeye ndiye ajuaye nani alizaliwa nyumba gani na nani alinyonyeshwa na nani. Mwulize kwa adabu, kidogo kidogo, siku mbalimbali. Usimkalie kama karani wa mahakama. Pili, tazama hati: vyeti vya ndoa, hati za wakfu, karatasi za mirathi ya zamani, na maandishi ya makaburini. Tatu, mwandike kila mtu mara moja tu. Katika jamaa zetu watoto wa ndugu huoana, kwa hiyo matawi mawili hurudi yakakutana kwa babu mmoja. Ukimwandika babu huyo mara mbili umezua mtu asiyekuwako. Nne, andika mwaka wa kufa kama uandikavyo wa kuzaliwa, kwa sababu ya mirathi tuliyoieleza. Tano, hifadhi nakala mahali pawili na uchapishe moja kwa karatasi, kwani simu huibwa na mitandao hufungwa.

Na hapa ziko khatari ambazo hatuna budi kuzionya.

Usiandike nasaba usiyokuwa na ushahidi nayo. Nasaba iliyo bora kuliko zote ni ya Mtume wetu (s.a.w.), na wanavyuoni wamekubaliana juu yake mpaka Adnan, babu yake wa 21, na zaidi ya hapo wamekhitalifiana. Ikiwa nasaba ile ina mahali pa kusimama, vipi ya kwetu iende mpaka Nabii Adam bila ya kukwama? Ilimu yako ikikoma kwa babu wa nne, simama kwa babu wa nne. Mwanya mweupe katika mti ni bora kuliko jina la uongo.

Mtoto wa kulea mwandike kwa jina la baba yake aliyemzaa, kama ilivyoamrishwa katika Sura ya 33, Al-Ahzab. Na programu zina mahali pa kuonyesha kuwa amelelewa. Mpende, mlishe, msomeshe, wala usimwondolee nasaba yake. Na kumbuka kuwa kunyonya kwaharimisha ndoa lakini hakuleti mirathi. Mashine haijui tofauti hiyo, haijui ila mistari uliyoichora.

Wasitiri walio hai. Tarehe ya kuzaliwa na jina la ukoo wa mama ni maswali ambayo mabenki huyatumia kumtambua mtu, na mwizi akiyapata katika mti wako amepata ufunguo. Zaidi ya hayo iko heshima. Jamaa haikosi jambo lililositiriwa: mtoto aliyezaliwa katika shida, ndoa iliyovunjika kwa aibu. Hayo hayawekwi mtandaoni. Likiwapo jambo linalogusa uharamu wa ndoa, liambiwe wanaohusika, faraghani, na mtu mzima mwenye hekima.

Tena, mti si hukumu. Kesi ya ndoa, talaka au mirathi ikifika kwa kadhi, ambaye Kenya mahakama yake imetajwa katika Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010, yeye atataka mashahidi na hati. Mti utamsaidia afahamu haraka, na utaonyesha nani wa kuitwa. Lakini hautasimama mahali pa shahidi.

Enyi vijana, ninyi mnajua kubonyeza kuliko wazee wenu, nao wanajua majina kuliko ninyi. Pasipo mmoja wenu kazi hii haitimii. Katika mwezi huu kila kijana na amwendee mzee mmoja, achukue majina ya babu zake wawili na bibi zake wawili, pamoja na mama zao na waliowanyonyesha. Wala msingoje likizo, kwani mauti hayangoji likizo. Nanyi wazee, mkiulizwa msiseme, "Ya nini hayo?" Mnalolijua ni amana, na amana hurudishwa kwa wenyewe.

Na baada ya mti kukamilika, usitosheke na kuutazama. Tafuta ndani yake jina la jamaa ambaye hukumsemesha mwaka mzima, umpigie simu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mtu aliyecheleweshwa na amali yake, nasaba yake haitamtanguliza. Jina lako litakaa juu ya mti miaka mingi baada yako. Linalongojwa kesho ni ulichowafanyia waliokuwa katika matawi.

Mwenyezi Mungu atuungie jamaa zetu, awarehemu wazee wetu waliotangulia, wale tuwajuao kwa majina na wale tusiowajua. Wabillahi tawfiq.